Panda Februari, Vuna Aprili: Mwongozo wa Kilimo na Mapishi ya Bamia kwa Kaya za Nyamwage na Bonde la Rufiji

Na Mwandishi Wetu, Rufiji

Mwezi Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mkoani Pwani. Mapema mwezi Mei mwaka huo huo, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata mawasiliano ya barabara kuu iendayo mikoa ya Lindi na Mtwara katika maeneo ya wilaya jirani ya Kilwa. Matukio hayo mawili, yaliyofuatana kwa wiki chache, yaliwakumbusha wananchi jambo moja: mboga inayotegemea shamba la bondeni peke yake, au gari la mnadani peke yake, inaweza kukosekana mezani wakati ule ule familia inapoihitaji zaidi.

Nyamwage ipo kusini mwa Daraja la Mkapa, kando ya barabara hiyo kuu, katika njia panda ya kuelekea Utete, makao makuu ya Wilaya ya Rufiji. Kama ilivyo kwa vijiji vingi vya wilaya hiyo, historia ya makazi yake inahusiana na mto. Katika operesheni ya vijiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazi wengi wa bondeni walihamishiwa kwenye ardhi ya juu ili kuepuka mafuriko, huku mashamba mengi ya mpunga, mahindi na mazao ya mlau, yaani yale yanayopandwa maji yanapopungua, yakibaki bondeni. Tangu hapo nyumba ipo juu na shamba lipo chini. Bustani ya uani ndiyo sehemu pekee ya shamba iliyohama pamoja na nyumba.

Makala haya yanaeleza namna kaya inavyoweza kuitumia sehemu hiyo kwa zao moja linalostahimili joto la Pwani, yaani bamia: wakati wa kupanda, matunzo, uvunaji, mapishi na tahadhari za kiafya.

KWA NINI BAMIA

Mbamia ni mmea wa jamii moja na pamba na choya. Hupenda joto, na mbegu zake huota vizuri udongo unapokuwa na nyuzi joto kati ya 21 na 35 za Selsiasi, hali inayopatikana Rufiji karibu mwaka mzima. Mboga nyingi za majani laini, kama kabichi na spinachi, hudhoofu katika joto la Januari na Februari. Mbamia huendelea kukua. Mzizi wake mkuu huenda chini sana, hivyo mmea uliokwisha kushika huvumilia siku chache bila maji kuliko mchicha.

Faida ya pili ni muda. Mbamia huanza kutoa maua kati ya siku 40 na 60 baada ya kupandwa, na tunda huwa tayari kuvunwa siku 4 hadi 6 baada ya ua kufunguka. Kwa hiyo kaya inayopanda mwanzoni mwa mwezi Februari huweza kuanza kuvuna mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, kipindi ambacho masika yameshika na mashamba ya bondeni huwa katika hatari ya kujaa maji.

Mavuno ya bamia kwa mbegu za kawaida hukadiriwa kuwa tani 5 hadi 10 kwa hekta, sawa na nusu kilo hadi kilo moja kwa kila mita ya mraba. Tuta moja lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 6 lina eneo la mita za mraba 7.2, hivyo hutoa takriban kilo 4 hadi 7 kwa msimu. Ikiwa familia ya watu sita hutumia nusu kilo kwa mlo mmoja, tuta hilo hutosha milo 7 hadi 14, yaani mara moja hadi mbili kwa wiki kwa muda wa miezi miwili. Kiasi hicho si cha biashara. Ni cha kuhakikisha kwamba wiki haipiti bila mboga hata kama soko limekwama.

KALENDA YA KUPANDA

Kwa mazingira ya Rufiji na Kibiti, kaya inaweza kupanga vipindi vitatu vya kupanda:

Kipindi cha kwanza ni mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari. Kipindi hiki kinahitaji kumwagilia kwa wiki nne hadi sita za mwanzo, lakini ndicho kinacholeta mboga wakati wa masika. Tuta liinuliwe juu ili maji ya mvua yasituame.

Kipindi cha pili ni mwisho wa Mei hadi Juni, mvua kubwa zinapopungua. Mavuno huanza mwishoni mwa Julai na kuendelea katika miezi ya kiangazi. Wenye mashamba ya mlau wanaweza kupanda bamia bondeni wakati huo pia, wakitumia unyevu uliobaki ardhini.

Kipindi cha tatu ni mwisho wa Septemba hadi Oktoba, kuzipokea mvua za vuli. Mavuno hupatikana kuanzia Desemba.

Ni vema kupanda tuta moja, kisha jingine baada ya wiki tatu hadi tano, badala ya kupanda yote siku moja. Kwa njia hiyo tuta la kwanza linapochoka, la pili huwa linaanza kuzaa. Kabla ya kupanda, wananchi wanashauriwa kufuatilia utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), kwa kuwa mwanzo na mwisho wa masika na vuli hubadilika mwaka hadi mwaka.

MBEGU

Aina mbili za bamia zimezoeleka sana katika maduka ya pembejeo nchini. Ya kwanza ni Clemson Spineless, iliyotokana na kazi ya utafiti katika jimbo la South Carolina nchini Marekani na kutambuliwa rasmi mwaka 1939. Matunda yake ni ya kijani na hayana vinywele vingi vya kuwasha. Ya pili ni Pusa Sawani, iliyozalishwa nchini India. Zote ni mbegu za kawaida, si chotara, hivyo mkulima anaweza kuzihifadhi na kuzipanda tena. Mbegu chotara huweza kutoa mavuno makubwa zaidi, lakini mbegu zinazotokana na matunda yake hazifanani na mama, na hivyo hununuliwa upya kila msimu.

Anayenunua mbegu ahakikishe kifungashio kina nembo ya Taasisi ya Uthibitishaji wa Mbegu Tanzania (TOSCI), kisome tarehe ya mwisho wa matumizi, na kisiwe kimekaa juani dukani. Mbegu ya bamia ina ganda gumu, na ikihifadhiwa katika joto na unyevu hupoteza uwezo wa kuota haraka. Kwa tuta la mita 6, mbegu chini ya gramu 10 zinatosha.

KUANDAA TUTA NA KUPANDA

Chagua sehemu inayopata jua kwa saa sita au zaidi kwa siku, mbali na kivuli cha mwembe na mkorosho. Isiwe karibu na choo wala njia ya maji machafu. Weka uzio wa fito, miti au makuti, kwa kuwa kuku hufukua mbegu, na mbuzi na ng'ombe hula mmea mzima.

Lima kwa kina cha sentimita 30, vunja mabonge, kisha inua tuta kwa sentimita 20 hadi 30 kutoka usawa wa ardhi. Changanya ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza vizuri katika tuta la mita 6. Samadi mbichi isitumike: huunguza miche, huleta magugu na wadudu, na inaweza kuchafua mboga kwa vimelea vya magonjwa. Udongo wa kichanga, ambao hupatikana katika maeneo mengi ya juu nje ya bonde, hupitisha maji na virutubisho upesi, kwa hiyo unahitaji samadi au mboji kila msimu.

Loweka mbegu katika maji safi usiku mzima, saa 12 hadi 24, kisha panda siku hiyo hiyo. Tupa zinazoelea. Chora mistari miwili kwa urefu wa tuta, ikiwa na umbali wa sentimita 60 kati yake. Katika kila mstari, chimba vishimo kila baada ya sentimita 30, vyenye kina cha sentimita 2 hadi 3, na weka mbegu 2 hadi 3 kwa kila kishimo. Tuta la mita 6 litabeba vishimo 40. Katika udongo wenye joto, mbegu huchomoza ndani ya siku 4 hadi 7.

Miche ifikapo kimo cha sentimita 10, bakiza mmoja wenye afya katika kila kishimo. Ile inayoondolewa ikatwe kwa mkasi au kisu usawa wa udongo, isiing'olewe, ili mizizi ya mche unaobaki isijeruhiwe. Kwa sababu hiyo hiyo ya mizizi, bamia hupandwa moja kwa moja tutani na haihamishwi kutoka kitaluni kama nyanya.

Kaya isiyo na nafasi, au inayoishi pale ambapo maji hufika uani, inaweza kutumia viroba vya kilo 50. Jaza kila kiroba mchanganyiko wa udongo sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja, toboa matundu chini, na panda miche miwili. Viroba vikiwekwa juu ya kichanja, maji ya muda mfupi hupita chini yake. Wakazi wa Rufiji wanaolijua dungu, kibanda cha juu cha kulindia mazao shambani, hawahitaji kufundishwa maana ya kuinua kitu juu ya maji.

MAJI NA MATANDAZO

Katika joto la Pwani, bustani hupoteza takriban lita 5 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita za mraba 7.2 linahitaji basi takriban lita 36 kwa siku, yaani ndoo mbili za lita 20, au ndoo nne kila baada ya siku mbili mimea inapokuwa imeshika mizizi. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, kwenye shina, si juu ya majani.

Funika udongo kwa matandazo yenye unene wa sentimita 5, kama mabua ya mpunga, nyasi kavu zisizo na mbegu, au makuti yaliyokatwakatwa. Matandazo hupunguza upotevu wa maji, hupooza udongo na huzuia magugu. Yasiguse shina, kwani mchwa hupanda kupitia hapo.

Maji yaliyotumika kuosha mchele, mboga na matunda yanafaa kumwagilia. Maji ya sabuni nyingi hayafai. Pale ambapo chanzo pekee cha maji ni mto au mabwawa ya bondeni, wananchi wanakumbushwa kwamba maeneo hayo yana mamba na viboko. Bustani ya mboga isiwe sababu ya kumtuma mtoto mtoni alfajiri au jioni. Ni salama zaidi kulima tuta moja linalotosheleza maji ya kisima au ya mvua yaliyovunwa kwenye bati kuliko kulima matatu yanayolazimu safari ya mtoni.

WADUDU, MAGONJWA NA MINYOO FUNDO

Wadudu wanaoonekana mara nyingi kwenye bamia ni vidukari na inzi weupe, ambao hufyonza utomvu chini ya majani. Viwavi, ambao hutoboa maua na matunda. Na utitiri mwekundu, ambao hushamiri wakati wa ukame. Inzi weupe hueneza pia virusi vinavyofanya majani kuwa ya njano au kujikunja. Mmea wenye dalili hizo hauponi. Ung'olewe na kuchomwa moto mapema.

Katika bustani ya nyumbani, hatua ya kwanza ni kukagua chini ya majani mara mbili kwa wiki na kuokota viwavi kwa mkono. Vidukari hupunguzwa kwa kupuliza maji yenye sabuni, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji katika lita 5 za maji, wakati wa jioni. Dawa ya mwarobaini hutengenezwa kwa kutwanga gramu 500 za mbegu zake kavu, kuziloweka katika lita 10 za maji usiku kucha, kuchuja na kupuliza siku hiyo hiyo.

Viuatilifu vya dukani vinahitaji uangalifu wa pekee kwenye zao hili. Kila kiuatilifu kina idadi ya siku zinazotakiwa kupita kati ya kupuliza na kuvuna, nayo huandikwa kwenye kibandiko. Bamia huvunwa kila baada ya siku mbili. Dawa inayotaka kusubiri siku 7 au 14 hailingani na zao linaloingia chunguni kesho kutwa. Anayeipuliza atalazimika kuvuna na kutupa matunda ya wiki nzima au kuilisha familia yake dawa. Kiuatilifu kikilazimika kutumika, kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kinunuliwe katika kifungashio chake halisi, na kitumike kwa ushauri wa afisa ugani.

Adui mkubwa zaidi katika udongo wa kichanga haonekani kwa macho. Ni minyoo fundo, minyoo midogo sana inayoingia kwenye mizizi na kuifanya ivimbe kama shanga. Mmea hudumaa, hunyauka mchana hata kama umemwagiliwa, na wakulima wengi hudhani ni upungufu wa mbolea. Njia ya kutambua ni kung'oa mmea mmoja ulio dhaifu na kutazama mizizi.

Hakuna dawa rahisi ya minyoo hiyo katika bustani ya nyumbani. Kinga yake ni kubadilisha mazao. Bamia isirudiwe mahali pamoja msimu unaofuata, wala isipandwe mara tu baada ya nyanya, bilinganya, tango au tikiti, kwa sababu mazao hayo nayo huilea. Mahindi, vitunguu na ufuta, zao linalojulikana sana na wakulima wa Rufiji na Kibiti, yanafaa kuifuata bamia. Mizizi yenye mafundo ing'olewe yote baada ya msimu na kuchomwa.

KUVUNA, KUKATA SHINA NA KUHIFADHI MBEGU

Bamia bora kwa kuliwa ina urefu wa sentimita 7 hadi 10. Kipimo cha uhakika ni ncha: ikivunjika kwa kidole, tunda ni changa, ikipinda bila kuvunjika, limeshakuwa na nyuzi ngumu. Katika joto la Pwani tunda hukomaa haraka, hivyo ni lazima kupita tutani kila baada ya siku mbili. Tunda moja lililosahaulika likakomaa huufanya mmea upunguze maua, kwa kuwa nguvu yake huelekezwa kwenye mbegu. Anayevuna bamia asizozihitaji ni bora ampe jirani kuliko kuziacha mtini.

Vuna asubuhi, kwa kisu au mkasi, ukibakiza kikonyo kifupi. Vinywele vya mbamia huwasha ngozi. Shati la mikono mirefu na soksi kuukuu mikononi husaidia. Bamia zilizovunwa zikae kivulini, kavu, kwenye kikapu kinachopitisha hewa. Zikioshwa kabla ya kuhifadhiwa hupata utelezi na kuoza ndani ya muda mfupi.

Mmea ukirefuka na mavuno yakipungua, unaweza kukatwa shina kwa kimo cha sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, kisha kuwekewa samadi na maji. Ikiwa mizizi haina minyoo, matawi mapya huchipua na kutoa mavuno ya pili.

Kwa mbegu za msimu ujao, teua mapema mimea miwili au mitatu iliyozaa vizuri na isiyo na ugonjwa, ifunge kitambaa cha alama, na usivune matunda yake. Yaache yakauke mtini hadi yaanze kupasuka, kisha pukuchua, anika kivulini, na uhifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko pamoja na kidogo cha majivu. Andika tarehe.

JIKONI

Ute wa bamia ndio unaowagawa walaji. Ute huo hutoka pale tunda linapokatwa, na huongezeka linapokutana na maji, moto wa polepole na kukorogwa. Asiyeupenda aoshe bamia zikiwa nzima, azikaushe kwa kitambaa, azikate vipande vikubwa au kuziacha nzima, azipike muda mfupi, na aongeze kitu kichachu kama ndimu, ukwaju au embe bichi. Anayeupenda afanye kinyume chake. Sufuria za chuma huweza kuifanya bamia iwe nyeusi. Rangi hiyo haina madhara.

Mchuzi wa bamia na kamba kwa tui (watu sita)

Mahitaji: bamia nusu kilo, kamba waliomenywa nusu kilo, au samaki kama perege na kambale, nazi moja, kitunguu maji kimoja, nyanya tatu, punje tatu za kitunguu saumu, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, ndimu moja, mafuta vijiko viwili vya chakula, chumvi na pilipili kwa kiasi.

Namna ya kupika: Kuna nazi, kamua tui zito, kikombe kimoja, uliweke kando; kisha ongeza maji na ukamue tui jepesi, vikombe viwili. Osha bamia, zikaushe, kata vikonyo bila kulitoboa tunda. Paka kamba chumvi na nusu ya ndimu. Kaanga kitunguu hadi kilainike, tia kitunguu saumu, bizari na nyanya, ufunike hadi nyanya ziive. Mimina tui jepesi na lichemke. Tia bamia na kamba, acha vichemke kwa dakika 6 hadi 8 bila kukoroga. Tikisa sufuria tu. Mimina tui zito, punguza moto, ukilikoroga taratibu upande mmoja hadi liive bila kukatika. Kamulia ndimu iliyobaki na uepue. Mchuzi huu huliwa kwa wali au ugali.

Pale kamba na samaki wabichi wanapokosekana, dagaa wakavu waliooshwa kwa maji ya moto hufaa. Nyanya chungu au bilinganya zinaweza kuongezwa ili kuongeza wingi wa mboga.

Mlenda wa bamia

Kata bamia nusu kilo vipande vidogo sana, pamoja na majani machanga ya mbamia kama yapo, kwani nayo huliwa. Chemsha vikombe viwili vya maji na nyanya moja iliyokatwa, tia bamia na chumvi, ukoroge kwa dakika 8 hadi 10. Ongeza vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa, acha vichemke dakika 5 zaidi. Wapishi wengi huongeza magadi ili mlenda ulainike na kuvutika. Magadi yakizidi huharibu sehemu ya vitamini, nayo yana madini ya sodiamu, hivyo wenye shinikizo la juu la damu ni bora wayaepuke.

Kukausha kwa ajili ya akiba

Katika wiki za mavuno mengi, bamia hukatwa vipande vya unene wa sentimita moja na kuanikwa kwenye kaushio la jua au kwenye kichanja kivulini chenye hewa, vikiwa vimefunikwa kwa chandarua safi dhidi ya inzi na vumbi. Siku mbili hadi nne za hali kavu hutosha. Kipande kilicho tayari huvunjika kikikunjwa. Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa. Vipande hivyo husagwa kuwa unga wa mlenda au kurudishwa katika maji kabla ya kupikwa.

LISHE NA TAHADHARI ZA KIAFYA

Gramu 100 za bamia mbichi zina takriban kilokalori 33, gramu 3.2 za nyuzinyuzi, miligramu 82 za kalsiamu na miligramu 23 za vitamini C. Zina pia folati, kirutubisho muhimu kwa wanawake wajawazito na wale wanaotarajia kushika mimba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Takwimu za Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 zinaonyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Bamia peke yake haizuii udumavu. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji unahimiza mlo kutoka makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mbogamboga, matunda, na mafuta yenye afya kwa kiasi. Sahani ya wali, mchuzi wa bamia wenye kamba na tui, na kipande cha embe au papai inagusa sehemu kubwa ya makundi hayo kwa vyakula vinavyopatikana Rufiji na Kibiti. Kwa mtoto aliyeanza kula chakula cha nyongeza baada ya miezi sita, bamia changa iliyopikwa ikaiva na kupondwa ni rahisi kumeza.

Wananchi wanatahadharishwa kuhusu madai yanayoenezwa kwamba maji yaliyolowekwa bamia yanaponya kisukari. Bamia ni chakula kizuri kwa mwenye kisukari kwa sababu ina wanga kidogo na nyuzinyuzi nyingi, lakini haichukui nafasi ya dawa. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa ute wa bamia unaweza kupunguza kiasi cha dawa ya metformini kinachofyonzwa mwilini. Anayetumia dawa hiyo asiache wala kuibadilisha kwa sababu ya maji ya bamia, na amweleze mtoa huduma wake iwapo anayatumia. Hali kadhalika, anayetumia dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha bamia anachokula, kwa kuwa mboga hii ina vitamini K.

MAHALI PA KUPATA USHAURI

Ushauri wa kilimo hutolewa na afisa ugani wa kijiji au kata. Anayemwendea kuhusu mmea unaougua achukue tawi lenye dalili pamoja na mizizi yake katika mfuko, kwa sababu minyoo fundo haitambuliki kwa maelezo ya mdomo. Ushauri wa lishe hupatikana zahanati, kituo cha afya, na katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambapo watoto hupimwa hali yao ya lishe na wazazi huonyeshwa namna ya kuandaa chakula mchanganyiko.

Kaya ambayo haijawahi kuwa na bustani inashauriwa kuanza na tuta moja la mita 6: ndoo mbili za samadi iliyooza, mbegu chini ya gramu 10, na ndoo mbili za maji kwa siku. Samadi ikikusanywa Desemba na mbegu kufukiwa mwanzoni mwa Februari, masika yakifika bamia zitakuwa zinachumwa uani.